Kiganja Juu ya Kikombe

Furaha, binti wa Bukavu anayekalia kiti changu tangu nistaafu, alinipigia simu wiki iliyopita. "Mama Brian, ile mashine inanisumbua, na wazee wako wanakuulizia kila siku. Utuandikie basi, hata kurasa mbili, namna ulikuwa unafanyaka." Kuhusu mashine nilimjibu palepale: izime, hesabu mpaka ishirini, iwashe. Hayo mengine ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa na kimoja tu, nacho kiliandikwa vibaya kwenye beji, na hakuna aliyeona kwa miaka mitatu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nilitoka Kisii nikiwa nesi kamili, na saa yangu ya kubandika kifuani. Huku nikaambiwa vyeti vyangu ni vizuri sana, kisha nikapewa kazi ya kugeuza wazee kitandani katika nyumba moja ya kutunzia wazee pale Bloomington. Nilijifunza kuendesha gari kwenye barafu na kula chakula cha mchana nikiwa nimesimama. Baadaye nikasomea kupima pumzi, nikaajiriwa kliniki ya mapafu katika hospitali ya wanajeshi wastaafu. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja tu, nikitafuta kazi ya nesi. Nikakaa mpaka magoti yakaanza kunidai ngazini.

Aliyenipokea siku ya kwanza aliitwa Carol. Alikuwa mama mfupi wa hapahapa Minnesota, mwenye sweta zenye picha za kulungu na chupa ya kahawa aliyoibeba kama mtoto. Alinionyesha sirinji kubwa ya lita tatu tunayoisukumia mashine kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. "Usiku mashine inasahau lita ni nini," alisema. "Ikumbushe mara tatu." Akanionyesha kibano cha pua, kipande cha mdomoni, na sanduku la tishu, ambalo alisema ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.

Shida yangu ilikuwa kelele. Kipimo kile, kama mnavyojua, mtu huvuta hewa mpaka kifua kijae, kisha apulize kwa nguvu zote mpaka asiwe na kitu ndani. Bila kumpigia kelele hafiki. Mimi nimelelewa kutompazia mzee sauti, sembuse kumwamuru. Siku zile za kwanza nilikuwa nasema, "Tafadhali mzee, puliza kidogo tena, pole." Carol akanivuta pembeni. "Ukimbembeleza atapuliza kama anazima mshumaa wa keki, na daktari atamwandikia ugonjwa asio nao." Basi nikajifunza. "Puliza! Puliza! Bado! Bado! Usiache!" Watu waliopita kwenye korido walidhani chumbani kuna mtu anajifungua.

Jambo la pili alilonifundisha Carol lilikuwa la kahawa. "Watu wa huku ukiwapa kahawa watakataa," alisema. "Mara ya kwanza wanakataa kwa adabu. Mara ya pili wanakataa ili waone kama ulimaanisha. Uliza mara ya tatu." Nilicheka sana. Kwetu mgeni haulizwi, anamiminiwa tu, na akikataa anaongezwa. Lakini nilijaribu, na haki ya Mungu, ilikuwa kweli. Wazee wale wakubwa, mikono kama majembe, wote walikataa mara mbili na kunywa mara ya tatu. Nikaifanya desturi yangu: baada ya kupima, kahawa, na kuuliza mara tatu.

Sasa habari za meli. Manowari za zamani zilikuwa na mabomba ya mvuke yanayopita kila mahali, juu ya vitanda, juu ya meza za kulia, ukutani mwa vyoo. Mabomba hayo yalifungwa asbestosi ili yasimchome mtu na yasipoteze joto. Meli ikitikisika, asbestosi inamwaga vumbi, na vumbi lile lina nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta hazitoki. Zinakaa mapafuni miaka mingi mno bila kumsumbua mtu, mpaka ameshaoa, amezaa, amejenga na kusahau hata jina la nahodha wake. Ndipo pumzi inaanza kuwa fupi. Sheria inamruhusu mtu kama huyo kudai haki yake ya mstaafu, yaani malipo ya kila mwezi, na akifa kwa ugonjwa ule, mke wake naye ana haki yake. Lakini lazima ionekane mahali fulani kwamba alikutana na vumbi.

Mahali pa kwanza pa kuonekana palikuwa kwenye fomu yangu. Swali lilikuwa moja, na visanduku viwili: je, uliwahi kufanya kazi na asbestosi? Waliokuwa chumba cha boila, kunakochemshwa maji ya mvuke, walijibu ndiyo kabla sijamaliza kusoma, na tusi juu yake. Wengine walisema hapana, nami nikaweka alama kwenye hapana. Kazi ikaenda hivyo.

Verlyn alikuja asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya kugandisha kope. Alikuwa mrefu, amevua kofia tangu mlangoni, na alikung'uta viatu vyake kwenye mkeka mpaka nikamwambia inatosha. Mkewe, Marlys, alibaki kwenye viti vya nje na sindano zake za kufuma. Nilimwuliza Verlyn hali ya pumzi.

"Si mbaya sana."

"Ngazi unapanda?"

"Napanda. Napumzika katikati. Si mbaya sana."

Alipuliza, na mstari kwenye kioo cha mashine ukawa mfupi mno. Nilijaza fomu. Alikuwa mpishi katika manowari ujanani mwake. Nikamwuliza lile swali la asbestosi.

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa jikoni tu. Waulize wa boila, wao ndio walioumia."

Nilisikia namna alivyolisema, kama mtu anayempisha mwenzake kiti. Moyoni nikajiambia, Teresia, muulize tena. Lakini alikuwa na umri wa baba yangu. Mzee ameshasema hapana. Utamwuliza tena kana kwamba hujamwamini? Nikaweka alama kwenye hapana na herufi za jina langu chini, kwa mwandiko mzuri, maana masista walinifundisha.

Kisha kahawa. Alikataa, akakataa, akapokea. Hospitali yetu iko njia ya ndege, na wakati ule ndege ikapita juu, vioo vikatetemeka. Verlyn akakifunika kikombe kwa kiganja. Ndege ilipopita akakifunua, akanywa.

"Mbona umefunika?" nikamwuliza.

"Mazoea ya melini. Mizinga ikilia, vumbi jeupe lilikuwa linatuangukia mezani. Kila mtu alifunika chake."

Mimi nikawaza unga wa ngano. Mpishi huyu, jikoni, kweupe: nini kingine? Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mpishi mchafu, unga mpaka darini!" Akacheka kwa adabu. Sikuandika kitu. Nimewaeleza jambo hili jinsi lilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Kwa kuwa fomu ilisema hapana, daktari aliona makovu kwenye mapafu na akaandika kwamba sababu yake haijulikani. Angeandika nini? Verlyn alifariki majira ya baridi ya pili baada ya hapo.

Ulipofika wakati wa kiangazi, Marlys alisimama mlangoni pangu na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili. Vipande vya keki ya limau. Alisema alikuwa akimtafuta mwenye herufi zile za jina, kwa sababu alikuwa ameomba haki ya mjane na amekataliwa. Barua ilisema kumbukumbu za marehemu mwenyewe zinaonyesha hakukutana na asbestosi. Alinyoosha kidole kwenye nakala ya fomu.

"Nilidhani labda una karatasi nyingine," alisema. "Najua una kazi nyingi. Wanangu wako mbali, wanataka niuze nyumba niende kwenye makao ya wazee. Nyumba ile Verlyn aliijenga kwa mkono wake, na ngazi zile ndizo alizokuwa akipumzika katikati. Kama hakuna karatasi nyingine, si neno."

Niliangalia mwandiko wangu mzuri. Nikamwambia nitatafuta. Nikapokea sahani, nikaenda chooni, nikalia mpaka mtu akagonga mlango akiuliza kama niko salama.

Jioni nikampigia Carol, aliyekuwa ameshastaafu na kuhamia Blaine. Nikamwambia yote, kikombe, vumbi na unga.

"Ulimwuliza mara ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Na kahawa?"

"Tatu."

Nikasikia Carol akiweka chini chupa yake ya kahawa. Halafu akasema, "Mimi ndiye nilikufundisha ya kahawa. Ya fomu sikukufundisha." Hakusema hivyo kunifariji. Alikuwa anagawana nami mzigo, na nilimheshimu kwa hilo.

Vijana, sikilizeni hili vizuri. Maandishi ya zamani hayafutwi wala hayarekebishwi. Ukigusa, umeharibu kila kitu pamoja na wewe mwenyewe. Unaandika nyongeza, unaweka tarehe ya leo, na unasema ukweli. Niliandika kwamba mgonjwa alinieleza habari za vumbi jeupe lililoanguka mezani mizinga ilipolia, kwamba nilidhani ni unga, na kwamba kosa la kutoandika ni langu. Mkenya mwenzangu mmoja wa shifti ya mchana alisoma juu ya bega langu. "Auntie, wacha hiyo! Utajichoma, na umebakisha kidogo u-retire." Msimamizi naye akaniita, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akatia saini kama mtu anayetia saini kifo cha paka wake, lakini akatia.

Ofisa wa maveterani wa kaunti, kijana mwenye subira ambaye kazi yake ni kuwasaidia watu kama Marlys bila malipo, alitwambia nyongeza yangu ni kitu, lakini haitoshi. "Ni maneno ya mtu aliyeambiwa," alisema. "Nitafutieni mtu aliyekuwepo." Kuna fomu ya ushahidi ambayo mtu yeyote aliyeona jambo kwa macho yake anaweza kuijaza. Tatizo lilikuwa kumpata aliyeona, na wengi wao walikuwa wameshatangulia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Marlys. Sikukaa kwanza. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwamba herufi zile ni zangu, alama ile ni yangu, na mumewe aliniambia habari za vumbi nikacheka. Nikamwomba anisamehe.

"Hakuna cha kusamehe," alisema haraka, akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ulikuwa unafanya kazi yako."

Ndege ikapita juu ya nyumba, maana na yeye yuko njia yao. Alikodoa macho kwenye kiti kitupu cha pembeni. "Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa anafunika kikombe ndege ikipita," alisema. "Nilidhani ni mama yake alimlea hivyo. Sikumwuliza hata siku moja." Nikamwambia aiandike hiyo, kama ilivyo, bila kuipamba. Akaandika mistari minne, akaisoma, akaufuta mmoja uliokuwa unamsifu.

Halafu akaleta boksi la kadi za Krismasi. Watu wa huku huandikiana kila mwaka barua ndefu za familia, nani amezaa, nani amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na Marlys hakuwa ametupa hata moja. Tulikaa sakafuni na boksi lile mpaka miguu ikafa ganzi. Kadi moja kutoka Lakeville iliandikwa na Gene, aliyekuwa fundi boila kwenye meli ileile, na alimtania Verlyn kuhusu supu yake ya maharagwe. Ilikuwa ya Krismasi iliyopita. Tukapiga simu, na mwenyewe akapokea.

Tulikwenda Lakeville na gari langu. Njiani nilimkataza Marlys kitu kimoja: asimtajie Gene kikombe. Ushahidi ukimwekea mtu mdomoni unakuwa wako, si wake. Gene alitupokea na bomba la oksijeni puani, nyumba nzima ikinuka bekoni. Haki yake yeye alishaipata zamani, maana alisema ndiyo siku ya kwanza. Akatumiminia kahawa bila kuuliza, nikajua huyu si wa huku kwa asili. Kumbe alizaliwa Texas.

Nikamwuliza, "Verlyn alifanya kazi wapi?"

"Jikoni. Kazi nzuri, isiyo na joto kama yetu."

"Mlikuwa mnakula wapi?"

"Mezani. Tulikula tu, kama watu."

Nilitaka kuacha. Alikuwa anahema, na nilisikia ile sauti yangu ya nyumbani ikiniambia, muache mzee. Nikavuta pumzi. "Nisamehe, mzee, nakuuliza mara ya tatu," nikasema. "Mlipokuwa mezani, juu ya vichwa vyenu kulikuwa na nini? Na mizinga ikilia, ilikuwaje?"

Aliinua mkono wake wa kulia, ule wa mishipa, akauweka juu ya kikombe chake.

Marlys aliangusha mkoba. Gene akamwangalia, akaniangalia mimi, asielewe kilichotokea. "Vumbi la mabomba," akaeleza. "Lilikuwa linashuka kama theluji. Kahawa tuliilinda kila siku. Mapafu hakuna aliyeyakumbuka, na Verlyn ndiye aliyefagia meza ile mara tatu kwa siku, kila siku. Hakuwaambia? Sisi tuliokuwa boila tulivaa vitambaa usoni. Yeye alifagia akiwa anaimba." Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kurasa mbili na nusu, akipumzika kila mistari michache. Hakukubali tumwandikie.

Tukirudi, nilimwomba Marlys msamaha mara ya pili. "Angalia barabara," akasema. Nikaangalia barabara.

Daktari alisoma nyongeza yangu na maandishi ya Gene na ya Marlys, akaangalia tena picha za kifua, akaandika maoni mapya. Sheria haidai uhakika kamili. Inatosha uwezekano uwe nusu kwa nusu au zaidi, na yeye akaandika kwamba ni zaidi. Ofisa wa kaunti akafungasha vyote pamoja na karatasi ya Verlyn ya kumaliza utumishi wa jeshi. Tukangoja. Sitawaficha, kungoja kule kuliniondolea usingizi kuliko mitihani yangu yote. Nilikuwa nikipita nyumba zenye bango la kuuzwa nasema, Mungu wangu, isiwe ile.

Katika miezi hiyo nilibadili namna ya kuuliza, na hii ndiyo njia ambayo Furaha ananiulizia. Sikulifuta swali la fomu, nililisogeza mwisho. Kwanza nilimwuliza mtu alilala wapi melini. Juu ya kichwa chake kulikuwa na nini? Nani alifagia? Meli ilipoingia kufanyiwa matengenezo, yeye alikaa ndani au alitoka? Kinyozi alinijibu, karani wa barua alinijibu, mpiga tarumbeta alinijibu. Mmoja alisema hapana mara mbili, kisha mara ya tatu akanieleza jinsi walivyokuwa wakirushiana mabonge ya kitu kile cheupe kama watoto, wakicheka. Andikeni kwa maneno yao. Na mzee akisema si mbaya sana, msiweke kalamu chini.

Barua ilikuja wiki chache kabla ya mimi kustaafu. Marlys hakunipigia simu kunieleza. Alisema tu nije Jumanne. Nilipoegesha gari niliona dirisha la sebuleni lina mapazia mapya, nikajua. Alinionyesha barua, imekubaliwa, na alikuwa ameshawaambia wanawe wamtafutie dalali wao nyumba nyingine ya kuuza. Nilimkumbatia, naye akanipigapiga mgongoni, mara mbili kwa kipimo, kama wanavyofanya.

Tukakaa mezani. Aliuliza kama nataka kahawa, nikasema hapana asante. Akauliza tena, nikasema asijisumbue. Alipouliza mara ya tatu, sote wawili tukacheka. Akamimina.

Nikaona sasa ndiyo wakati. "Marlys," nikasema, "nilikuuliza hapa nimesimama, na nikakuuliza kwenye gari. Nakuuliza tena. Umenisamehe?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndege ikapita juu, tukangoja imalizike, na hakuna kati yetu aliyeangalia kiti kile.

"Bado," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Alikuambia wewe, na mimi hakuniambia. Na ukacheka. Bado, Teresia." Akanisogezea sahani ya keki ya limau. "Lakini Jumanne ijayo uje."

Nimestaafu sasa, nina nafasi. Naenda kila Jumanne. Mara ya nne sijauliza.